Shamba la Mto

Shamba lilikuja lenyewe. Apaturio alilala akiwa na kipande kimoja cha ardhi, chembamba, chenye mawe, akaamka ana viwili, na hicho cha pili tayari kina shayiri ya mtu mwingine iliyofika kwenye vifundo vya miguu. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeuchokoza mto Meandro, nao ukachoshwa na njia yake ya zamani, ukachimba nyingine nyuma ya shamba la Batilo. Shamba halikusogea hata hatua moja. Aliyehama ni mto. Jana shamba lilikuwa ng'ambo, leo lipo upande huu.

Sisi watu wa Priene mambo hayo hayatushangazi. Mpaka ni mto. Kilicho upande wako ni chako, na aliyepoteza huushtaki mto barazani. Batilo alifanya hivyo hivyo. Mpiga mbiu alisimama kivukoni akauita mto kwa jina lake mara tatu, mto haukuitika, wazee wakauhukumu. Faini ya mto hutolewa kwenye sanduku la kivuko, kwa kuwa kivuko ndicho kinachokula mgongoni mwa mto. Batilo akapokea shekeli zake, akaondoka akinung'unika kwamba ni chache. Batilo huyo hata angepewa mto mzima angelalamika kwamba umelowa.

Mwenye kivuko alikuwa Pigre, mdogo wake Mirtale, na Mirtale ndiye mke wa Apaturio. Familia yao ni Wakaria, watu waliokuwapo hapa kabla babu zetu Wagiriki hawajashuka kwenye majahazi yao na kuoa mabinti wa Wakaria kwa nguvu. Pigre alilipa faini bila kununa, akakaa majira yote ya baridi akila vitunguu.

Kisha zikaja habari za wapimaji. Vita vilikuwa vimekwisha na tulikuwa tumeshindwa, miji yote ya pwani. Sasa liwali wa Mfalme wa Uajemi, aliyekuwa akikaa Sardi, alikuwa ametuma watu wazunguke na kamba zao, wapime kila shamba, na kila mtu alipe kodi kwa ukubwa wa ardhi yake.

Mirtale alikuwa mwanamke wa maswali. Kitu kikipita mbele yake bila kuulizwa, hapati usingizi. Asubuhi aliposikia kwamba mdogo wake ameajiriwa kuwa mkalimani wa wapimaji, kwa sababu aliwahi kubeba mizigo Sardi miaka mitano na Kiajemi anakijua, aliacha unga kwenye kinu akashuka mbio mpaka kivukoni.

"Eti ni kweli wanavaa suruali?"

"Wanavaa. Tena za mistari."

"Wote?"

"Sijawafunua wote, dada."

"Na hizo kamba, ni za katani au za ngozi?"

"Katani. Zina fundo kila hatua kumi."

"Wanaandikia nini?"

"Wino, juu ya ngozi ya mbuzi."

"Halafu mwakani wanakuja kuandika upya?"

Pigre aliacha kukumba maji kwenye chombo chake. "Hawaji tena. Kilichoandikwa kikishafika Sardi hakifutwi. Ukiandikiwa shamba unalilipia wewe, kisha watoto wako, kisha wajukuu."

"Hata mto ukilichukua?"

"Hilo niliwauliza mwenyewe. Wakacheka. Walidhani nafanya mzaha."

Mirtale hakucheka. Alipanda na kingo za mto mpaka kwenye shamba jipya, akapiga magoti penye nyufa, akatia mkono. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko, na huko ndani vidole vyake vikagusa maji.

Adhuhuri Apaturio alikula, na Mirtale alisimama mlangoni akimngoja amalize. Wanawake wa Kikaria hawali na waume zao wala hawatamki majina yao. Ni kiapo cha bibi zao, kilichotokana na ile ndoa ya nguvu, na kila mama humwapisha binti yake kabla hajaolewa. Ndani ya nyumba walipendana sana watu hawa wawili, lakini mkate walikula mmoja baada ya mwingine.

"Baba watoto," alisema Mirtale, "hilo shamba jipya usiseme ni lako."

"Niseme ni la Batilo?"

"Sema hata ni la Batilo."

"Ameshalipwa! Amechukua fedha ya mdogo wako huyo huyo, sasa anatembea kila nyumba anasema atalidai tena kwa mpimaji. Nimwachie?"

"Kingo zimepasuka. Nimeingiza mkono mpaka hapa."

"Wewe na mikono yako. Hukosi ufa wa kuuchokonoa."

"Mto ukilichukua, kodi tutailipa na nini? Nyumba? Ng'ombe ni mmoja, na jicho moja halioni."

Apaturio aliweka zeituni chini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umemchosha. "Mama watoto, unajua kwenye sadaka ya Poseidoni nyama inagawiwaje? Mwenye mashamba mawili anapewa paja. Mwenye moja anapewa shingo. Miaka kumi na moja mimi natafuna shingo, na Batilo ananitazama nikitafuna. Mwaka huu nitakula paja."

Mirtale alitoa vyombo, akala peke yake.

Mpimaji aliitwa Bagapata. Tulitarajia mtu wa mijeledi. Akaja mzee mfupi mwenye ndevu zilizosukwa, akishuka kwenye kivuko kwa uangalifu wa mtu asiyejua kuogelea, na kabla hajatia mguu nchi kavu alikwisha kuuliza mambo manne: majani yale ya ukingoni yanaitwaje, kwa nini mbuzi wetu wana masikio mafupi, nani amejenga ukuta ule, na nani ameubomoa. Swali la mwisho Pigre alijifanya hakulisikia, maana walioubomoa walikuwa Waajemi wenyewe.

Wanawake wote walikuwa wamekumbuka kuteka maji saa ile ile. Walisimama na mitungi mitupu wakizitazama suruali.

"Hazimwashi?" mmoja alinong'ona.

"Muulize."

"Muulize wewe, mimi nina mume."

Apaturio alimletea mgeni kigoda. Nyumbani kwake hakukuwa na kigoda chenye miguu yote, kwa hiyo alikuwa amekwenda kuazima, na kwa bahati mbaya aliyekuwa nacho ni Batilo. Bagapata alipokuwa anainama kukaa, Batilo alipaza sauti:

"Mkalimani, mwambie bwana akalie taratibu. Hicho ni kigoda changu. Huyu hana hata cha kukalia, ndiyo maana anakalia shamba langu!"

Watu wakacheka. Apaturio masikio yalimwiva. Batilo, kwa kunogewa na kicheko, akageuka akatema mate mtoni.

Bagapata alisimama wima kama aliyechomwa na mwiba. Alisema maneno mengi kwa haraka, akionyesha mto, akionyesha mdomo wa Batilo.

"Anasema," Pigre alifasiri, "kwao mtu hatemi mate mtoni. Wala hanawi mikono humo. Mto unaheshimiwa. Anauliza kama wewe ni mgonjwa."

"Mwambie sisi tunaushtaki, sembuse kuutemea," akasema Batilo.

Pigre alisita, kisha akasema. Bagapata alikaa tena, polepole. Akauliza, Pigre akajibu. Akauliza tena. Mwandishi wake naye aliacha kuchonga kalamu ili asikie. Ilibidi waelezwe habari za mpiga mbiu, na kuita mara tatu, na sanduku la kivuko. Mzee yule alikuwa ametembea kutoka mashariki ya mbali mpaka baharini akipima nchi za watu, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kusikia kitu kilichomfurahisha na kumtisha kama hicho.

"Anauliza, mto umewahi kushinda kesi?"

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kufikiria hilo.

"Haujawahi kuja barazani," mzee mmoja alijibu.

Kamba zikanyooshwa. Shamba la zamani la Apaturio lilipimwa kabla jasho halijakauka, likaandikwa kwa jina lake, kodi yake ndogo, hakuna ugomvi. Kisha wakafika kwenye shayiri, na hapo Apaturio na Batilo wakasema kwa pamoja, "Langu!"

Waliapa wote wawili, mmoja kwa Zeu, mwingine kwa Zeu huyo huyo. Wakaitwa mashahidi. Waliokaa upande huu walisema ni la Apaturio, waliokaa ng'ambo walisema ni la Batilo, idadi sawa sawa. Bagapata aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akashuka mwenyewe kati ya shayiri, akachuchumaa, akatazama udongo.

"Anasema magugu yamepaliliwa juzi. Nani amepalilia?"

"Mke wangu," alisema Apaturio.

"Anataka kumuuliza yeye."

Minong'ono ikazuka. Mwanamke atoe ushahidi? Mbele ya wanaume, juu ya ardhi? Mzee mmoja alianza kueleza kwamba hapa kwetu jambo hilo halipo, na Bagapata akainua mkono.

"Anasema kwao wanawake wana mashamba, wana mihuri, na wanadai haki zao kuliko wanaume. Anasema mwenye mkono uliogusa udongo ndiye atakayejibu. Dada, njoo."

Mirtale aliweka mtungi chini. Alisimama mbele ya mzee yule, na kwa karibu aliona kwamba suruali zile zina kiraka gotini, kimeshonwa vizuri, na akajiuliza ni nani aliyemshonea.

"Taja jina la mwenye shamba hili," Pigre alifasiri. Kisha akamweleza Bagapata kwamba shahidi huyu hawezi kutaja jina la mumewe, na kwa sababu gani. Macho ya mzee yakang'aa tena.

"Anasema ni sawa, hatakuvunjisha kiapo. Mwonyeshe kwa kidole tu."

Apaturio alijiweka sawa, akanyoosha joho lake. Alikuwa anatabasamu kidogo. Mirtale alimwona, akatamani kufa. Alijua kidole kikielekea kwa mumewe, paja la sadaka litaliwa mara moja tu, na kodi italipwa mpaka na watoto ambao hawajazaliwa. Kikielekea kwa Batilo, atakuwa amesema uongo, maana mtu aliyepokea fedha ya kitu hanacho tena kitu hicho.

Hapo ndipo wazo likamjia, kwa njia ya swali, kama mawazo yake yote yalivyomjia.

"Naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Batilo alilipwa kwa ajili ya shamba hili?"

"Alilipwa," walijibu watu.

"Nani alimlipa?"

"Mto," akasema mpiga mbiu.

"Mwenye nyumba yangu alilipa chochote?"

"Hakulipa."

"Basi aliyelinunua ni mto," alisema Mirtale, na akanyoosha kidole kwenye maji. "Shamba ni la mto."

Pigre alifungua mdomo kufasiri, akaufunga. Mirtale alimtazama mdogo wake usoni, na papo hapo akaelewa alichokifanya. Madeni ya mto hulipwa na kivuko. Kodi ya mto italipwa na nani mwingine? Alitaka kurudisha neno, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu wote walikuwa wanamtazama Pigre. Mpimaji hakujua Kigiriki hata neno moja. Pigre angeweza kusema lolote. Angeweza kusema kidole kimeonyesha mpaka tu, na kwamba mwenye shamba ni Apaturio, au Batilo.

Kisha akafasiri, polepole, swali baada ya swali, hakuacha hata moja, na mwisho akanyoosha kidole kwenye maji kama dada yake.

Bagapata hakucheka. Aliuinamia mto kidogo, akamwambia mwandishi wake maneno machache, na kalamu ikatembea juu ya ngozi.

Waliocheka ni sisi. Tulicheka mpaka jioni. Apaturio alipopita, watu walimuuliza kama jirani yake mpya anakoroma. Batilo alikuja kuchukua kigoda chake, akakipangusa mbele ya mlango, akaondoka nacho kichwani.

Ndani, Apaturio alikaa mbele ya mkate bila kuugusa. Mirtale alisimama mahali pake.

"Kiapo hakikatazi kidole," alisema Apaturio.

"Hakikatazi."

"Kwa hiyo si kiapo kilichokuzuia."

"Hapana, baba watoto. Nilikusudia."

"Umenivua nguo mbele ya Batilo. Mbele ya Batilo, mama watoto!"

"Najua."

Angemtetea mtu mwingine kwa maneno mengi, lakini yeye mwenyewe hakujitetea. Alilia kimya, kwa sababu alimwonea huruma, na kwa sababu kama wangerudi kwenye shayiri ile wakati ule angefanya vile vile. Apaturio naye hakumpiga wala hakumtukana. Aliusukuma mkate upande wa mlango ili yeye ale, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Alfajiri Mirtale alikuwa kivukoni.

"Nimekuua, mdogo wangu."

"Bado napumua."

"Mbona ulilifasiri? Hakuna ambaye angejua."

Pigre alifikiri. Alikuwa anafunga kamba, na aliifunga mara mbili mahali pale pale. "Ulilisema vizuri sana, dada. Mzee wa watu alikuwa amekaa anakutazama mdomoni kama mtoto. Nilitaka na yeye asikie."

Mavuno ya mwaka ule hakuna mwanamume aliyethubutu kuyagusa, wasije wakahesabiwa wenye shamba. Mirtale aliyavuna mwenyewe kwa mundu, akayabeba kichwani mpaka kivukoni, na shayiri ya mto ikalipa kodi ya mto, ukabaki mkate wa siku chache. Watu walianza kusema labda mwanamke yule si mjinga.

Majira ya baridi Meandro ukarudi. Safari hii haukuhama. Ulikuja na miti mizima, ukaingia kwenye zile nyufa, na kwa siku mbili ukalila shamba kama mtu anavyokula boga, kuanzia katikati. Apaturio alisimama kwenye mpaka wa shamba lake la zamani tangu asubuhi, akitazama udongo mweusi unavyomong'onyoka. Siku ya pili jioni alirudi nyumbani amelowa, akakaa, akamtazama mkewe.

"Limeisha lote?" aliuliza Mirtale.

"Lote."

"Na letu?"

"Letu lipo. Na mawe yake yote."

Mwaka uliofuata alipokuja mtoza kodi, hakuwa Bagapata. Alikuwa kijana asiyeuliza swali lolote, akisoma tu kwenye ngozi yake: mto Meandro, shamba moja, shekeli kadhaa. Pigre alimwonyesha maji mahali shamba lilipokuwa. Kijana akatazama maji, akatazama ngozi, akanyoosha mkono. Sanduku likafunguliwa, likapinduliwa, halikutosha. Pigre akapewa siku ishirini za kumalizia deni. Akamwachisha kazi mvuta kamba ya kivuko kwa kukosa ujira, nauli ikapanda kutoka oboli moja mpaka mbili.

Asubuhi iliyofuata Apaturio alishuka kivukoni, akalitundika joho lake kwenye mwiba, akaishika kamba.

"Sogea, shemeji."

"Sina cha kukulipa."

"Nimekudai?"

Hakuijua kazi ile. Kabla ya saa sita viganja vilikuwa vimechubuka, na mara moja alikipeleka chombo kwenye matete na kuwaloweka mbuzi wa watu. Lakini alirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne akapanda Batilo, akielekea sokoni na magudulia yake ya mafuta. Katikati ya mto ndipo alipoambiwa nauli.

"Oboli mbili! Tangu lini?"

"Tangu mto uanze kulipa kodi," alisema Pigre.

"Na ni mpumbavu gani aliyesema lile shamba ni la mto?"

Kila mmoja kwenye chombo alijua, na Batilo alijua kuliko wote. Apaturio aliacha kuvuta. Chombo kikakaa pale pale katikati ya maji, kikitikisika.

"Ni mke wangu," alisema. "Mirtale ndiye aliyesema. Lipa nauli."

Batilo alikuwa ameshatoa oboli moja. Aliitafuta ya pili kwa ulimi shavuni, mahali tunapobebea sarafu zetu, akaitema kiganjani, akaipangusa kwenye joho lake, akalipa.